Vijana Tisa, Kiti Kimoja

Vijana tisa wamepita mbele ya kamera za QB1: Beyond the Lights, watatu kila msimu, na wote tunaachana nao karibu mahali pale pale. Mwaka wa mwisho wa sekondari umekwisha, chuo kimepatikana, familia imekumbatiana, muziki unapanda. Mtazamaji anabaki na ile raha ya kumsindikiza mtu stendi na kuliona basi likiondoka salama. Kipindi hiki nakipenda, nimekitazama chote na baadhi ya sehemu nimezirudia. Lakini kuna jambo kinalificha, na kinalificha kwa namna kilivyojengwa: basi lile lina kiti kimoja tu cha dereva, na vijana wote tisa wamefundishwa udereva tangu utotoni.

Kwa wasiofuatilia mchezo wenyewe, niseme kidogo. Futiboli ya Marekani ni ule mpira wa umbo la yai, kofia ngumu na mabega ya kuvaa. Upande unaoshambulia una watu 11, na karibu kila shambulizi linaanzia mikononi mwa mmoja, kotabeki. Yeye anapokea mpira, na ndani ya sekunde mbili tatu anaamua amrushie nani, ampe nani, au akimbie nao mwenyewe huku watu wenye kilo 130 wanamjia. Nafasi nyingine nyingi kocha anazungusha watu: huyu atoke, yule aingie, kila mmoja apate chochote. Kotabeki hazungushwi hivyo. Akishakaa amekaa, mpaka aumie au avurunde.

Nyuma ya dokumentari hii, iliyoanza 2017, yupo Peter Berg, yule yule aliyeongoza filamu ya Friday Night Lights mwaka 2004 na baadaye kuianzisha kama tamthilia ya televisheni. Filamu ile ilitokana na kitabu cha H. G. Bissinger cha 1990, na Berg na Bissinger ni ndugu wa ukoo mmoja. Kwa hiyo tusiichukulie QB1 kama kipindi cha michezo kilichojitokea tu Netflix. Ni mjukuu wa kitabu, na mjukuu ana haki ya kuulizwa amerithi nini nyumbani.

Tuanze na kazi yenyewe ya kutafutwa na vyuo. Neno usajili nitalitumia kwa shingo upande, maana sisi tukisikia usajili tunafikiria klabu mbili, bei, na mchezaji mwenye mkataba wake. Hapa hakuna klabu inayouza. Kuna mtoto wa sekondari, wazazi wake, kocha wake, pengine na mwalimu binafsi wa kurusha mpira anayelipwa kwa saa, na upande wa pili kuna makocha wa vyuo vikuu wanaolipwa mamilioni ya dola. Walichompa kijana wakati ule ni ufadhili: ada, chumba, chakula, vitabu. Enzi za QB1, chuo cha daraja la juu kiliruhusiwa wachezaji 85 wenye ufadhili kwa wakati mmoja, na sheria zilimkataza mwanachuo kuuza jina au sura yake kwa mtu yeyote. Hilo la jina na sura lilibadilika Julai 2021, vijana wote tisa wakiwa wameshamaliza sekondari zamani. Mitandao kama Rivals na 247Sports huwapanga watoto hawa kwa nyota, na nyota tano ndiyo juu kabisa. Kisha kuna ahadi. Kijana anatangaza kuwa amekichagua chuo fulani, ulimwengu unashangilia, lakini ahadi ya mdomo haimfungi yeye wala kocha. Kinachofunga ni karatasi, na karatasi husainiwa Februari au, tangu 2017, hata Desemba kabla ya Krismasi.

Ahadi hizo ndizo nyama ya msimu wa 1. Tate Martell, kijana mfupi mwenye miguu ya umeme, alikiahidi Chuo Kikuu cha Washington akiwa na miaka 14, hajaanza hata sekondari. Soma tena: miaka 14. Baadaye akakiahidi Texas A&M, na mwisho akatua Ohio State. Jake Fromm alikuwa wa Alabama mpaka kocha mmoja wa huko, Kirby Smart, alipopewa timu ya Georgia, jimbo la nyumbani kwa Fromm. Kijana akabadili ahadi. Wa tatu ni Tayvon Bowers, ambaye hakuwa na kelele nyingi mtandaoni, na chuo chake kilikuwa Wake Forest.

Hapa nakisifu kipindi bila kubana. Kinajua kuingia nyumbani kwa watu. Martell anachezea Bishop Gorman ya Las Vegas, shule binafsi ya Kikatoliki yenye vifaa ambavyo vyuo vingine havina, na timu yake ilizoea kushinda hadi ushindi ukapoteza ladha. Bowers yuko Hillside, Durham, shule ya umma yenye historia ndefu katika jamii ya watu weusi wa mji ule. Fromm yuko Warner Robins, mji ulioota pembeni ya kambi ya jeshi la anga, katika familia ya kuwinda na kuvua samaki. Huambiwi na msimulizi kwamba Marekani ni nchi tatu au nne ndani ya moja. Unaona jikoni, unaona gari lililoegeshwa nje, unaona kijana anavyomjibu baba yake. Hiyo ni kazi ya mwandishi mzuri, na ni kazi ngumu.

Tatizo ni kamba tatu. Kila msimu umesukwa kwa kamba tatu zinazokwenda sambamba bila kugusana. Tunamwona Martell Ijumaa, tunakatiwa kwenda kwa Fromm Ijumaa ile ile, kisha kwa Bowers. Hawajuani, au kama wanajuana si jambo la hadithi. Kila mmoja ana ndoto yake, mama yake, kocha wake, adui yake wa wiki. Usimulizi wa namna hii una imani yake, hata kama haisemwi: kwamba njia ya kijana ni yake peke yake, na akifika au asipofika, sababu itapatikana ndani yake. Alijituma? Alisikiliza? Alikuwa na kiburi? Tunawekwa katika kiti cha mwalimu wa nidhamu, tunawapima watoto wa miaka 17 tabia. Wakati huo huo, swali kubwa linaloamua maisha yao ya michezo haliko ndani yao kabisa. Ni hili: nani mwingine yuko kwenye foleni ya kiti hicho?

Chukua Georgia. Mwaka 2016 chuo kilimpata Jacob Eason, kotabeki wa nyota tano kutoka jimbo la Washington, upande wa pili kabisa wa nchi. Akapewa kiti akiwa mwaka wa kwanza. Januari 2017 akaingia Fromm wetu wa msimu wa 1, kama msaidizi. Mchezo wa kwanza kabisa wa msimu ule, dhidi ya Appalachian State, Eason akaumia goti. Fromm akaingia, na hiyo ikawa imetoka. Eason alipopona alikuta mtu ameshakaa na timu inashinda, na ukocha ni kazi ya kushinda, haina huruma ya foleni. Fromm akaifikisha Georgia fainali ya taifa Januari 2018. Eason akafungasha akarudi kwao, Chuo Kikuu cha Washington, kile kile alichokiahidi Martell akiwa na miaka 14.

Na fainali yenyewe? Alabama walikwenda mapumziko wakiwa nyuma 13 kwa 0. Kocha Nick Saban akamweka benchi Jalen Hurts, kotabeki aliyemfikisha hapo, akamwingiza Tua Tagovailoa, kijana wa mwaka wa kwanza. Alabama wakashinda 26 kwa 23 katika muda wa nyongeza. Usiku mmoja, mtoto mmoja akawa shujaa wa taifa na mwingine akawa mtu wa kupiga makofi pembeni ya uwanja. Mweke Hurts akilini, tutamkuta mbele.

Wakati hayo yanatokea, Justin Fields alikuwa ameshasaini Georgia, Desemba 2017. Fields ndiye nguzo ya msimu wa 2. Kamera zilikuwa naye Harrison High, mji wa Kennesaw, na kwa macho yoyote yale kijana anatisha: mrefu, mtulivu, mkono mzito, mbio za mtu wa kona. Alikuwa ameahidi Penn State kwanza, akaondoka, akachagua nyumbani. Msimu wa 2 unamaliza hadithi yake kama ushindi. Ukiutazama leo huku unajua Fromm amekaa wapi, unatamani kupiga kelele kwenye kioo.

Maana 2018 Fields alikuwa msaidizi wa Fromm. Katika fainali ya ukanda Desemba mwaka ule, dhidi ya Alabama hao hao, Georgia ilimwingiza kwa hila moja ya kushtukiza, wakati timu ilipotarajiwa kuupiga mpira mbali. Hila ikagoma, Alabama wakapata mpira mahali pazuri, na aliyewamaliza Georgia ni Hurts, safari hii akitokea benchi. Msimu ule ule mchezaji mmoja wa besiboli wa Georgia alifukuzwa timuni kwa kumtolea Fields matusi ya kibaguzi akiwa jukwaani. Hili nalitaja kwa sababu QB1, kwa macho yake yote mazuri ya jikoni na magari, linapokuja suala la rangi ya ngozi na nafasi ya kotabeki huwa inapita kwa ncha za vidole. Nafasi hii kwa miaka mingi Marekani iliwekewa watu weupe, na vijana weusi waliokuwa makotabeki sekondari walifika chuoni wakaambiwa nenda kakimbie, nenda kadake. Ni historia inayostahili zaidi ya kukonyezwa.

Januari 2019 Fields akahamia Ohio State. Kanuni ya wakati ule ilimtaka anayehama akae nje mwaka mzima, ila yeye alipata ruhusa maalumu ya kucheza mara moja. Sasa hebu jiulize ni nani aliyekuwa Ohio State akisubiri zamu yake. Martell. Alikuwa amekaa miaka miwili. Joe Burrow alishaondoka hapo kwa kushindwa kumpita Dwayne Haskins, akaenda LSU ambako msimu wa 2019 alibeba tuzo ya Heisman na ubingwa. Haskins alicheza mwaka mmoja wa moto na kwenda NFL. Kiti kikawa wazi hatimaye, mwenye foleni akanyoosha mkono, na mlango ukafunguliwa akaingia Fields. Martell akahamia Miami. Huko nako akakosa kiti, wakamjaribu kama mdakaji, akaja kumalizia UNLV, nyumbani Las Vegas, na mwanzoni mwa 2022 akatangaza kuachana na mchezo.

Umeona mnyororo? Kijana wa msimu wa 1 alimfungia mlango kijana wa msimu wa 2, ambaye akaenda kumfungia mwingine wa msimu wa 1. Na si Georgia peke yake. Bowers alikwenda Wake Forest. Mwaka uliofuata Sam Hartman, mwenzake Fields katika msimu wa 2, akaenda Wake Forest hiyo hiyo, na mchezo wa kwanza wa 2018 Hartman ndiye aliyeanza, mgeni wa mwaka wa kwanza. (Mwingine aliyekuwa katika foleni ya chuo hicho ni Kendall Hinton, akageuzwa mdakaji. Novemba 2020 makotabeki wote wa Denver Broncos walipowekwa karantini kwa sababu ya Uviko, Broncos walimwita Hinton awe kotabeki kwa siku moja, katika mchezo wa NFL. Alirusha mara 9, ukadakwa mmoja. Riwaya nzima hiyo, na mpaka leo sijaiona imeandikwa.)

Najua jibu la watetezi. Dokumentari hupigwa leo, haiwezi kujua ya kesho, na ni uonevu kuihukumu kwa mambo yaliyotokea baadaye. Hoja nzuri, ila haiendi mbali. Kamera za msimu wa 2 zilipokuwa Kennesaw mwaka 2017, Fromm alikuwa tayari amekaa kwenye kiti cha Georgia, kila Jumamosi, mbele ya watu 90,000. Kesho haikuhitajika. Ilihitajika kugeuza shingo tu. Na watengenezaji walikuwa na picha za Fromm mwenyewe, za sebuleni kwao, za mwaka mmoja nyuma. Walikuwa na pande zote mbili za hadithi mkononi, wakaziweka katika makabati mawili tofauti yenye lebo za msimu wa 1 na msimu wa 2, kwa sababu kanuni ya kipindi ni vijana watatu wapya kila mwaka.

Babu alifanyaje? Bissinger alihamia Odessa, Texas, mwaka 1988, akakaa na timu ya Permian msimu mzima. Mji mmoja, timu moja, chumba kimoja cha kuvalia. Kijana anayetafutwa na vyuo katika kitabu hiki ni James Miles, ambaye kila mtu alimwita Boobie. Si kotabeki, ni mkimbiaji, lakini barua za vyuo vikubwa zilikuwa zikimjia kama kadi za mwaliko. Kabla hata ya msimu kuanza, katika mchezo wa kujipima nguvu, goti likaenda. Na nafasi yake ikachukuliwa na Chris Comer, mdogo wake kwa darasa, ambaye alikuwa mzuri. Hapo ndipo kitabu kinapochoma. Comer si mtu mbaya. Hajamfanyia Boobie hila yoyote. Anakimbia tu, na kadiri anavyokimbia vizuri ndivyo mji unavyomsahau Boobie, na msomaji unajikuta unamshangilia Comer na kumwonea huruma Boobie katika ukurasa huo huo. Moyo unagawanyika. QB1 haijawahi kunigawa moyo hata mara moja, kwa sababu haijawahi kuweka wawili hao ndani ya fremu moja.

Kingine ni watu wazima. Bissinger anawafuata mpaka ofisini. Anaonyesha kwamba dawa na bandeji za wachezaji wa shule ile zilikula fedha nyingi kuliko vifaa vya kufundishia vya idara ya Kiingereza. Anaonyesha nini kilisemwa juu ya Boobie na watu walewale waliompigia makofi, tena kwa lugha ya kibaguzi isiyotafunwa. Mji ulikasirika kiasi kwamba ziara yake ya kukitangaza kitabu huko ilifutwa kwa vitisho. Katika QB1 watu wazima ni mama mwenye wasiwasi, baba mwenye ndoto, kocha mwenye sauti. Wale wa chuo, wenye kugawa viti, wapo kwa mbali mno, kama mvua: unajua zitakuja au hazitakuja, humwulizi mtu. Hakuna kocha wa chuo anayekalishwa na kuulizwa, bwana, umewaahidi wangapi kiti hiki kimoja?

Sitaki nionekane nakisujudia kitabu. Bissinger ana kurasa anazopanda mimbari, na Odessa yake mara nyingine inabeba dhambi za Marekani yote. Kuna jioni nimemsoma nikachoka. Lakini anajua hadithi yake inaishia wapi, na hamwachi Boobie akiwa amebeba begi. Anatuambia Boobie aliishia chuo kidogo cha Ranger, na kwamba Brian Chavez, mwenzake katika timu ile ile, alikwenda Harvard.

Nije kwa Spencer Rattler, kwa sababu kwake kosa la ujenzi linageuka kuwa jambo la maisha ya mtu. Rattler ni wa msimu wa 3, kotabeki wa Pinnacle High ya Phoenix, nyota tano, ameshachagua Oklahoma. Kipindi kinamwonyesha akiwa na mdomo. Anawafokea wenzake, anajiamini kupita kipimo, kisha katikati ya msimu anazuiwa kucheza michezo iliyobaki kwa kukiuka kanuni za nidhamu. Hayo yalitokea, hakuna aliyeyazua. Ila mhariri alihitaji mmoja wa watatu awe na kasoro, maana kamba tatu zenye vijana watatu wapole hazisukiki, na Rattler akapewa kazi hiyo. Akiwa na miaka 18 alikuwa ameshakuwa mhusika.

Fuata foleni yake sasa. Alipofika Oklahoma 2019, kiti kilikuwa na Jalen Hurts, yule wa Alabama, aliyehama baada ya kiti chake kuchukuliwa na Tagovailoa. Rattler akasubiri. Mwaka 2020 akakaa, akafanya vizuri, na 2021 ulipokuwa unaanza alitajwa miongoni mwa wa kwanza kwa tuzo ya Heisman. Septemba mashabiki wake mwenyewe, uwanjani kwake, wakaimba wakimtaka msaidizi wake, Caleb Williams. Oktoba, dhidi ya Texas, akatolewa, Williams akaingia, Oklahoma wakapindua mchezo na kushinda 55 kwa 48. Rattler akahamia South Carolina, akacheza miaka miwili ya heshima. Alipojiandaa kwa uteuzi wa NFL wa 2024, bado waandishi walimuuliza juu ya kipindi alichopigwa akiwa sekondari. Akachaguliwa raundi ya 5 na New Orleans Saints.

Sasa linganisha maelezo mawili. La kwanza: kijana mwenye kiburi, tulimwona wenyewe kwenye Netflix, kiburi kikamponza. La pili: kotabeki mzuri alikutana benchi na Caleb Williams, aliyekuja kubeba Heisman ya 2022 na kuwa wa kwanza kabisa kuchaguliwa 2024. Maelezo ya kwanza ni matamu, yana funzo la Jumapili ndani yake, na watu wengi niliowasoma mtandaoni wameyashika. Siwezi kuapa kwamba tabia haikuchangia chochote. Chumba cha kuvalia kina mambo yake. Lakini mbona waliokuwa wapole hawakupona? Fromm alikuwa mpole kama padri, akachaguliwa raundi ya 5 vilevile, na NFL amekuwa mtu wa akiba. Fields, mtulivu, alichaguliwa wa 11 mwaka 2021 na Chicago Bears. Machi 2024 Bears walimpeleka Pittsburgh kwa bei ya kutupa ili kusafisha kiti kwa ajili ya Williams. Caleb yule yule. Mtu mmoja, ambaye hayumo katika kipindi, amewatoa kwenye kiti vijana wawili wa kipindi, mmoja mkorofi na mmoja mpole.

Hapo ndipo hasira yangu ilipo, kama ni hasira. Mtoto anaruhusu kamera ziingie kwao akidhani anasimulia safari yake. Anachokabidhi ni ushahidi, utakaosomwa baadaye dhidi yake siku foleni itakapomkataa. Hadithi iliyosukwa kwa kamba zisizogusana haimwachii utetezi mwingine wowote, kwa sababu imeshaondoa foleni kwenye picha. Amebaki yeye na tabia yake.

Unataka kuitazama? Itazame, na nakushauri uvunje mpangilio wao. Anza na sehemu za Fields peke yake katika msimu wa 2, kisha rudi msimu wa 1 kwa Fromm, halafu Martell. Hartman mtangulize kabla ya Bowers. Soma Friday Night Lights katikati, walau zile sura za Boobie. Ukiitazama hivyo inakuwa kazi nyingine kabisa, nzito kuliko waliyodhani wanaitengeneza, na picha zote ni zao.

Na kuna mmoja ambaye hutamwona popote. Stetson Bennett alikuja Georgia 2017 bila ufadhili wala nyota za kutajika, mfupi kidogo kwa nafasi ile, kazi yake mazoezini ikawa kuwaigiza makotabeki wa timu pinzani ili mabeki wajifunze. Baada ya msimu ule, Fields alipoingia, Bennett akaondoka akaenda chuo kidogo Mississippi, akarudi 2019. Kiti ambacho Eason, Fromm na Fields walikipigania, Bennett ndiye aliyekikalia Georgia ilipochukua ubingwa Januari 2022, na tena Januari 2023. Mwaka 2017, katika uwanja wa mazoezi mjini Athens, Eason, Fromm na Bennett walikuwa wakirusha mpira pamoja kila siku. Ningekuwa mimi, kamera ningeiweka hapo.